Wavu wa kukinga rejeta na mawe: upi ununue na upi uache ukiwa Tanga

Wakuu, hii ni kwa wenye gari wa Tanga na pembeni yake, hasa nyie mnaopita Pongwe kwenda Muheza nyuma ya malori ya kokoto na saruji, na nyie wa njia ya Pangani ambako lami na vumbi vimepokezana miaka. Swali linaulizwa kila siku, wavu wa kuweka mbele ya rejeta ninunue upi? Jibu fupi: stenlesi wa kufumwa, tundu za milimita 5 au 6, uufunge kwenye uwazi wa chini wa bampa na usiguse kitu nyuma yake. Jibu refu ndo hili hapa, maana wavu mbaya unakuzuilia jiwe halafu unakuchemshia injini, sasa hapo umeokoa nini.

Kwanza ujue jiwe linapiga wapi. Fungua boneti chungulia mbele, unachokiona mwanzo kabisa kwenye gari yenye AC ni kondensa, yaani kile kipoozeo cha gesi ya AC, na rejeta inayopoza maji ya injini iko nyuma yake. Kwa hiyo kondensa ndo inakula mawe ya kwanza. Mirija yake ni ya aluminiamu, ukuta wake haufiki hata milimita moja, na vile vibati vya katikati vyembamba kama karatasi ya sigara, ukivigusa kwa kucha vinalala. Kondensa ikitoboka gesi inatoka yote na AC inaanza kupuliza joto, na kwa Tanga ya Januari na Februari utajua hujui. Ila hiyo ni karaha tu, gari inatembea. Balaa ni jiwe likifika rejeta. Ule mfumo wa maji unafanya kazi kwa presha, angalia kifuniko cha rejeta utakuta kimeandikwa 0.9 au 1.1, na presha hiyo ndo inafanya maji yasichemke mpaka karibu nyuzi 120. Sasa kikipatikana kitundu hata cha kutoa jasho tu, presha haikai, maji yanachemka mapema, yanamwagika, injini inabaki inajipika yenyewe na gasketi ya silinda hedi inaondoka ukiwa katikati ya mashamba ya mkonge hata kivuli hakuna.

Halafu spidi. Nguvu ya jiwe inapanda kwa mraba wa spidi, yaani ukitoka 50 ukafika 100 jiwe lilelile linakupiga kwa nguvu mara nne, na lori linalokuja upande wa pili nalo linaongeza spidi yake juu ya yako. Kwa hiyo anayesubiri lori lipite mbali kwenye kipande cha kokoto ameshajikinga nusu hata kabla hajanunua chochote.

Sasa kabla ya kutoa hela chuchumaa mbele ya gari yako. Uwazi wa juu kwenye shoo, yaani ule uso wa mbele wenye nembo, mara nyingi una mapambo ya plastiki yaliyokaa karibu karibu na nyuma yake kuna vyuma, jiwe kupenya hapo linahitaji bahati. Uwazi wa chini ya namba ya gari ndo wa kuangalia, ukiona kondensa waziwazi mpaka unaweza kupitisha ngumi, hapo ndo penye kazi. Watu wengi wanaweka wavu juu kwa sababu unaonekana na gari inakuwa na sura ya kimichezo, chini wanaacha wazi. Hiyo ni urembo, sawa, lakini usiseme umekinga rejeta.

Jambo la kuangalia dukani ni uwazi wa wavu kwa jumla, yaani hewa inabakiwa na nafasi kiasi gani. Hesabu yake rahisi: chukua upana wa tundu gawanya kwa upana wa tundu ukijumlisha na waya mmoja, jibu lizidishe kwa lenyewe. Tundu la milimita 6 na waya wa milimita 1 inakuja 6 gawanya kwa 7, jibu ukilizidisha kwa lenyewe ni kama asilimia 73. Tundu la 10 na waya huohuo ni asilimia 83 lakini hapo kokoto ndogo zinapita. Tundu la 3 na waya wa 1 unabaki na asilimia 56, karibu nusu ya hewa imegonga mwamba. Mimi chini ya 65 sinunui. Kama huna kifaa cha kupimia milimita usihangaike, weka rula juu ya wavu, hesabu tundu kwenye sentimita 10, ukipata kati ya 14 na 17 na waya ni wa milimita moja hivi, beba.

Sasa tupange.

Namba moja, wavu wa stenlesi wa kufumwa, ule ambao nyaya zina vikunjo zinashikana zenyewe hazitelezi. Unauzwa kwa mita kutoka kwenye roli, na ukiwakuta wenye hadwea Ngamiani hawana, waulize wanaouza vifaa vya mashine za kusaga na kuchekecha maana huko nako unatumika. Bei yake iko juu ya nyavu nyingine zote za kukata, hilo sikufichi, ila kwa uwazi wa chini wa gari ndogo huhitaji hata mita mbili, na ukinunua na jirani mkagawana maumivu yanapungua. Kinachoupa namba moja ni bahari. Huku hewa yenyewe ina chumvi, gari inayolala Raskazone au Chumbageni inaota kutu kwenye vyuma ambavyo Dodoma vingekaa miaka. Stenlesi ziko daraja tofauti, 304 ndo ya kawaida na 316 ndo inayovumilia chumvi zaidi kwa sababu ina molibdenamu, ukiipata 316 kwa tofauti ndogo chukua, usipoipata 304 inatosha ukiiosha. Na kuhusu kupima kwa sumaku, wauzaji wanapenda sana kuonyesha kuwa sumaku haishiki, lakini waya wa stenlesi halali ukishavutwa na kukunjwa kiwandani unaweza ukashika sumaku kidogo, kwa hiyo sumaku sio hakimu. Omba kakipande, kaloweshe maji ya bahari, kaache kakauke, rudia siku mbili tatu. Chuma cha kawaida kitakuwa chekundu, stenlesi itakutazama tu.

Namba mbili ni aluminiamu uliochanwa na kuvutwa, wenye tundu za umbo la uru, mara nyingi umepakwa rangi nyeusi ya unga kiwandani. Huu ndo mnauona kwenye maduka ya mapambo ya gari umekunjwa ndani ya nailoni. Mwepesi, hauoti kutu nyekundu, unakatwa na mkasi wa bati na unafuata mkunjo wa bampa vizuri kuliko stenlesi ambayo inakutoboa vidole. Udhaifu wake ni kwamba unabonyea, jiwe kubwa linauacha na shimo, na kuna ile ya tundu ndogo ndogo za urembo ambayo hewa inapita kwa kuomba. Chagua tundu ambalo upande wake mfupi ni milimita 5 au 6. Kama gari yako ni ya mjini, Usagara, Mikanjuni, Makorora, mara mojamoja unafika Korogwe kwa lami, hii inakutosha kabisa na ningekushauri usiongeze hela kwa namba moja.

Zile zilizotengenezwa tayari kwa gari maalumu sijazipa namba. Zipo, Uingereza kuna kampuni kama Zunsport inatengeneza nyavu za stenlesi kwa kipimo cha gari husika, zinakaa vizuri na zina nati zake. Ila zaidi ni za gari za Ulaya na za bei, ukijumlisha usafiri na ushuru kwa mwenye IST au Probox haiingii akilini. Mwenye Land Cruiser ya kazi au Hilux mpya aangalie, na ahakikishe ni ya toleo lake maana shoo zinabadilika toleo kwa toleo.

Namba tatu, wavu wa chuma wa kuchekechea mchanga. Usicheke, unafanya kazi. Mgumu, jiwe haliubonyezi kirahisi, na mabaki yake kwa mafundi wanaochomelea unapewa kwa bei ya soda. Tatizo ni kutu na uzito. Upige praima kwanza halafu rangi nyeusi koti mbili, pakia na kwenye ncha ulizokata maana kutu inaanzia hapo, na kila mwaka urudie. Dereva wa lori anayepita Horohoro kila siku ataupenda huu kuliko yote, na kwa lori nakubaliana naye.

Wavu wa kuku unafuata kwa mbali. Tundu zake kubwa, kokoto ndogo zinapita kama hakuna kitu, na waya wake mwembamba uliochovywa zinki ukishakwanguka kwa upepo huu wa chumvi haumalizi misimu mingi. Ile plastiki ya muundo wa sega la asali nayo weka hapohapo, jua linaikausha inakatika vipande, na vipande vyenyewe vinaingia ndani.

Mwisho kabisa, wavu wa mbu wa madirishani. Huu msiuweke wa kudumu, tafadhalini. Ukipiga ile hesabu unaweza kupata asilimia nzuri kwenye karatasi, lakini hewa kupita kwenye tundu la milimita moja inasuguana sana, na hizo tundu zinaziba kwa wadudu, vumbi lenye mafuta na ule usufi wa misufi ya njia ya Muheza unapopeperuka. Ukipanda Mombo kwenda Lushoto umebeba watu saba na AC imewashwa ndo utaelewa. Una kazi moja tu ya halali: kama unapita kwenye nyasi ndefu upande wa Mkwaja na Saadani, mbegu za nyasi zinaweza kujaza rejeta mpaka gari ichemke, na nyasi kavu zikishikana na vyuma vya moto zinaweza hata kuwasha moto. Hapo funga wavu mwembamba nje ya shoo kwa muda, shuka uukung'ute mara kwa mara, ukifika lami uutoe.

Kufunga sasa, na hapa ndo wavu mzuri unaharibiwa. Wavu ukae mbali na kondensa, sentimita 2 au 3 ndo kiwango cha chini, kwa sababu jiwe likiupiga unarudi nyuma kidogo, ukiwa umegusana na vibati wavu wenyewe ndo utakuwa jiwe. Tena stenlesi ikigusana na aluminiamu kwenye unyevu wa chumvi, aluminiamu ndo inaliwa, na gari inavyotikisika waya unasugua mrija taratibu mpaka unautoboa. Kwa hiyo unafungwa kwenye bampa au kwenye shoo, kamwe sio kwenye kondensa yenyewe kama mafundi wengine wanavyopenda kuokoa muda. Bora bampa itolewe, mwambie fundi aende pole na klipu maana plastiki za gari zilizotumika Japani miaka kumi zinakatika, nunua klipu chache za akiba. Kata wavu mkubwa kuliko uwazi kwa sentimita 3 kila upande, ncha zikunjwe, ufungwe na skrubu zenye washa au zile kamba za plastiki za kukaza, za rangi nyeusi, nyeupe zinakufa haraka juani.

Ukimaliza jaribu siku ya joto, mchana, AC ikiwa juu. Vitz na ndugu zake wengi hawana mshale wa joto, wana taa ya bluu na nyekundu tu, na nyekundu ikiwaka umeshachelewa. Azima kile kidude cha OBD kinachochomekwa kwenye gari na kuonyesha joto la injini kwenye simu, linganisha nyuzi kabla na baada ya wavu kwenye njia ileile. Tofauti ya nyuzi mbili tatu sio shida, ukiona inapanda na haishuki ukipunguza mwendo, toa wavu, na uangalie rejeta kama haijaziba tayari kwa ndani, maana wanaojaza maji ya kisima ya chumvichumvi badala ya kulanti, yale maji maalumu ya rejeta, wana ugonjwa mwingine ambao wavu unaufichua tu.

Kama rejeta imeshatobolewa, habari za kuvunja yai au kutia pilipili manga ndani ziacheni, zinaziba tundu na zinaziba mirija pia. Vibati vilivyolala vinyooshwe taratibu kwa kitu chembamba, na kuosha ni maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kwenda nje, wale vijana wa kuosha gari wenye mashine za presha waambie kabisa wasisogeze bomba karibu.

Na wenye gari mpya zenye rada ya kufunga breki yenyewe, kabla ya kukata chochote tafuta rada imekaa wapi, mara nyingi ni nyuma ya nembo ya mbele au kwenye uwazi uleule wa chini. Wavu wa chuma ukipita mbele yake inapofuka na taa zitawaka kwenye dashibodi, kwa hiyo hapo acha dirisha la wazi au funga wavu pande mbili za pembeni tu.