Luau: Lahaina au Laie?

Luau ni karamu ya Kihawaii yenye chakula na ngoma. Laie, kisiwani Oahu huko Hawaii, kuna Polynesian Cultural Center, kituo cha utamaduni wa visiwa vya Pasifiki, iliyofunguliwa 1963 na kanisa la Wamormoni. Hapo unashinda kutwa: vijiji vya mfano vya Samoa, Tonga, Fiji na vinginevyo, wahudumu wengi wakiwa wanafunzi wa chuo cha jirani, halafu ndipo chakula na ngoma za usiku. Wenye watoto waende huko. Pombe hakuna, na Jumapili hufungwa.

Old Lahaina Luau, kule kisiwani Maui, hushikilia hula, ngoma ya Kihawaii, na historia ya Hawaii tu. Usisubiri ngoma ya visu vya moto. Hiyo ni ya Wasamoa. Nguruwe wa kuokwa shimoni yupo kote kuwili, na asiyemla atapata samaki. Mimi ningekwenda Lahaina, ila tiketi zake huwahiwa.