Ulezi au mpunga kwa mkulima wa Karnataka, jimbo la kusini mwa India?

Mpunga unataka shamba lililotuama maji. Ulezi huridhika na mvua, hata kwenye udongo mwekundu wa kusini mwa Karnataka. Kwa kalsiamu, wali umeachwa mbali mno: gramu 100 za ulezi zina zaidi ya miligramu 300, mchele mweupe takribani 10.

Na mezani kuna raha ya ragi mudde, bonge la ugali wa ulezi: unamega tonge, unachovya kwenye mchuzi, unameza bila kutafuna.

Mchele una nguvu moja kubwa. Maduka ya mgao ya serikali ya India huwapa familia maskini mchele bure. India ndiyo iliyopendekeza 2023 uwe mwaka wa kimataifa wa ulezi na nafaka za jamii yake. Basi na iujaze ulezi kwenye maduka hayohayo.