Filamu za safari za Marekani, 1969 hadi 1974: ununue ipi kwanza

Kama mwezi huu una pesa ya diski moja tu, nunua Two-Lane Blacktop. Zilizobaki zinaweza kusubiri mshahara ujao. Lakini kabla hujalipa, ikague deki yako.

Diski za Blu-ray zimegawanywa kwa maeneo. Marekani ni eneo A. Sisi wa Afrika Mashariki, pamoja na Oman na Ulaya, ni eneo B. Matoleo mengi mazuri ya filamu hizi yanatolewa na kampuni ya Criterion ya New York, na Blu-ray zake za soko la Marekani zimefungwa kwa eneo A. Mimi nilijifunza hilo kwa hasara. Niliagiza diski yangu ya kwanza mtandaoni, nikaingoja wiki sita, siku ya kuitia kwenye deki ikagoma. Muuzaji alinijibu kwamba kila kitu kiliandikwa kwenye kasha. Kweli kiliandikwa: herufi A ndogo, upande wa nyuma, pembeni kabisa. Itafute herufi hiyo kwenye picha ya kasha, na kama haionekani muulize muuzaji. Diski za 4K, zile zenye picha kali zaidi ya Blu-ray, hazina maeneo, ila zina deki zake. DVD za Marekani ni eneo 1 na sisi ni eneo 5, ingawa deki nyingi za bei nafuu madukani kwetu husoma zote. Nenda na diski dukani, ijaribu pale pale.

Sasa filamu zenyewe.

1. Two-Lane Blacktop (1971), ya mwongozaji Monte Hellman. Vijana wawili wana Chevrolet ya 1955 ambayo kwa nje utadhani inatoka gereji, haijamaliziwa rangi, lakini injini yake imefanyiwa kazi ya uhakika. Wanaishi kwa kushindana barabarani kwa pesa. Njiani wanakutana na mtu mzima mwenye Pontiac GTO mpya, wanawekeana dau: atakayetangulia kufika Washington anachukua gari la mwenzake. Hakuna mwenye jina. Kuna Dereva, Fundi, Msichana, na huyo wa GTO. Dereva na Fundi ni wanamuziki, James Taylor na Dennis Wilson, na wanaongea kidogo sana.

Anayeibeba filamu ni Warren Oates ndani ya GTO. Kila anayempa lifti anamsimulia habari mpya ya jinsi alivyolipata gari lile. Msikilize vizuri habari anayowapa wanajeshi wawili mwishoni: anasema alilishinda akiwa anaendesha Chevrolet ya 1955. Ameyachukua maisha ya wale vijana akayafanya yake. Nimeiona sehemu hiyo mara nyingi na bado inaniumiza.

Sababu ya kuinunua badala ya kuitegemea intaneti ni hii: kwa sababu ya haki za nyimbo, filamu hii haikuuzwa kwa watazamaji wa nyumbani mpaka 1999, karibu miaka 30 baada ya kutoka. Ikishakuwa kabatini kwako, hakuna mkataba wa mtu utakaoiondoa. Hakikisha tu ni toleo lenye picha ya upana kamili. Ukiona picha imejaa runinga nzima bila mistari myeusi juu na chini, ujue imekatwa pembeni, na barabara ndiyo iliyokatwa.

2. Scarecrow (1973), ya Jerry Schatzberg. Gene Hackman ametoka gerezani, Al Pacino ametoka baharini, na wote wanaomba lifti kwenye barabara tupu ya California. Kila mmoja amesimama upande wake, upepo unavuma, hawataki kusemeshana. Hackman anataka kuwasha sigara, kiberiti cha gesi hakikubali. Pacino anavuka barabara na kumpa njiti yake ya mwisho. Basi, urafiki umeanza, na safari ya kwenda Pittsburgh kufungua biashara ya kuosha magari imepata watu wawili. Filamu hii iligawana na nyingine tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka huo, lakini watu wanaoikumbuka ni wachache, na mimi naona imeonewa. Ningeiweka ya kwanza kama isingekuwa katikati yake, pale inapokaa sana sehemu moja.

3. Paper Moon (1973), ya Peter Bogdanovich. Hii ndiyo ya kununua kama nyumbani kuna watoto wakubwa na wazee. Ni Kansas wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi. Tapeli anasoma matangazo ya vifo gazetini, kisha anamwendea mjane na Biblia yenye jina lake, eti marehemu aliiagiza. Yuko na binti mdogo, Addie, ambaye akiiona nyumba ya mjane anajua papo hapo bei ipande au ishuke. Tatum O'Neal, anayemwigiza Addie, alipata Oscar akiwa na miaka 10, na hakuna mdogo kuliko yeye aliyewahi kushinda Oscar ya kushindaniwa. Anayemwigiza tapeli ni baba yake mzazi, Ryan. Filamu ni nyeusi na nyeupe, na mpiga picha László Kovács alitumia chujio jekundu kwa ushauri wa mwongozaji Orson Welles, ndiyo maana anga lake lina uzito ule. Kwenye kopi za kuchoma anga hilo linakuwa mabaka mabaka. Lipia diski halisi.

4. Vanishing Point (1971). Dodge Challenger jeupe, kutoka Denver kwenda San Francisco, polisi nyuma, na mtangazaji kipofu wa redio anayemwongoza dereva kwa sauti. Hadithi ni nyembamba, gari ni zuri ajabu. Kuna toleo la Marekani na la Uingereza lenye dakika kama saba zaidi. Tafuta diski yenye yote mawili.

5. Easy Rider (1969). Najua wengi wangeianzisha hii, na bila hii, zile nyingine huenda zisingepata pesa za kutengenezwa. Pikipiki, nyimbo na mwigizaji Jack Nicholson bado vinapendeza, ila mazungumzo ya kando ya moto yamezeeka. Usiinunue peke yake. Kasha la Criterion la 2010 la filamu za kampuni ya BBS lina filamu saba, hii ikiwa ndani pamoja na Five Easy Pieces, ambayo kwangu ni bora kuliko yenyewe.

Badlands ya Terrence Malick nimeiacha nje kwa kuwa ni filamu ya mauaji zaidi kuliko ya safari, lakini ukiikuta kwa bei nzuri ichukue.

Kuhusu bei, duka la Barnes & Noble la Marekani kwa kawaida huuza diski za Criterion kwa nusu bei mwezi Julai na Novemba. Kama deki yako inasoma eneo A na una ndugu huko anayekuja likizo ya Desemba, mtumie orodha mwishoni mwa Oktoba.