Tiba ya Sonona kwa Sumaku Inayoongozwa na Picha za Ubongo: Kipi Kinastahili Kulipiwa

Tiba ya sonona kwa mipigo ya sumaku iliruhusiwa Marekani tangu mwaka 2008, na lengo lake la kawaida ni gamba la mbele la ubongo, upande wa kushoto. Kwa utaratibu wa zamani, mhudumu hutafuta kwanza mahali kichwani ambapo mpigo hufanya kidole gumba cha mkono kiruke, kisha hupima sentimita 5 kwenda mbele na kuiweka hapo koili, yaani waya uliozungushwa unaotoa mipigo ya sumaku. Vichwa havilingani, na kwa baadhi ya wagonjwa kipimo hicho huishia nje kabisa ya eneo linalotakiwa.

Huduma niliyopata huanza kwa picha ya MRI, yaani picha ya ndani ya kichwa inayopigwa kwa mashine ya sumaku. Kabla ya kila kipindi, fundi aligusa ncha ya pua yangu na mbele ya masikio kwa kijiti chenye alama, kamera ya infraredi ikakilinganisha kichwa changu na picha ile, na ubongo wangu ukaonekana kwenye skrini ukiwa na nukta moja ya kulenga. Niliposinzia na shingo ikalegea, nukta ilihama, naye akaisogeza koili papo hapo. Kwa maoni yangu, hapa ndipo thamani ya huduma nzima ilipo, kwa kuwa nguvu ya sumaku hupenya sentimita chache tu chini ya fuvu na hupungua upesi kadiri unavyosogea mbali na koili. Mipigo yenyewe inagonga kama kigogota mtini na huuma kidogo juu ya nyusi. Vizibo vya masikio ni lazima.

Malalamiko yangu yanahusu kifurushi cha bei ya juu, kinachoongeza picha za utendaji wa ubongo ili kutafuta, kwa kila mgonjwa, sehemu ambayo shughuli zake hupungua pale eneo la ndani linalohusishwa na huzuni linapochangamka. Kliniki ilininadia kifurushi hicho kwa matokeo ya Chuo Kikuu cha Stanford ya mwaka 2022, ambapo takriban asilimia 79 ya waliopata tiba halisi walifikia hatua ya kuondokewa na dalili, dhidi ya asilimia 13 ya waliopata tiba bandia. Haikunieleza kwamba washiriki walikuwa 29 tu, wala kwamba walipewa vipindi 10 kwa siku kwa siku 5 mfululizo, kiasi kwamba huwezi kujua ni picha au ni wingi wa dozi uliowasaidia. Jaribio lenye watu wengi zaidi ya hilo, BRIGhTMIND la Uingereza, lilichapishwa mwaka 2024 likiwa na watu 255; makundi yote mawili yaliongozwa na MRI, moja kwa picha ya umbo la ubongo na jingine kwa ramani ya mawasiliano ya sehemu za ubongo, inayotokana na picha za utendaji kama zile za kifurushi cha bei ya juu. Yote yalipata nafuu, lakini katika wiki 26 hayakutofautiana.

Kwa hiyo ningelipia picha ya umbo na kamera, na ile ramani ningeiacha kwanza. Jambo moja nawasifu bila kusita: waliuliza mara mbili kuhusu kifafa, kidhibiti mapigo ya moyo na chuma chochote kichwani, na hawakuniruhusu kuingia kwenye mashine hadi majibu yote yalipoandikwa.