Baiskeli Gani Ununue Kabla ya Kupanda Marangu na Wenzako

Moshi mpaka Marangu kupitia Himo ni kama kilomita 40, na mpaka Himo barabara haina maneno mengi. Ukikata kushoto pale Himo ndipo kazi inapoanza. Wenye pumzi huendelea hadi lango la Hifadhi ya Kilimanjaro, zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kundi litakusubiri mara ya kwanza na ya pili, ya tatu utalikuta limeshakunywa chai. Kwa hiyo dukani usiangalie rangi, hesabu meno ya gia.

Namba moja kwangu ni baiskeli ya gia ya mtumba, yenye gia tatu mbele. Ile ndogo ya mbele ikiwa na meno 28 na kubwa ya nyuma 28, ukizungusha pedeli mara moja unasogea kama mita 2. Phoenix, ile baiskeli nzito ya chuma isiyo na gia za kubadilisha, yenye meno 44 mbele na 20 nyuma inataka uisogeze karibu mita 5 kwa mzunguko huohuo. Magoti yatakueleza tofauti. Nenda na rula ya inchi 12: weka sifuri katikati ya pini moja ya cheni, na kwenye cheni ambayo haijalika alama ya 12 itaangukia katikati ya pini nyingine. Pini ikiwa imepita alama kwa sehemu ya nane ya inchi, cheni imekwisha na huenda imeshakula meno ya gia. Hapo punguziwa bei au ondoka.

Ya pili ni ile ya Kijapani yenye kapu mbele na gia tatu ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma. Tope halizifikii gia zake, na madigadi unayo tayari. Mlima mkali itakutesa kidogo. Ila kuna mtego: tairi lake huandikwa 26 x 1 3/8, na la baiskeli ya gia 26 x 1.95. Zote zinaitwa inchi 26, lakini rimu zake hazilingani, kwa hiyo tairi la akiba la mwenzako halitakuingia. Beba la kwako.

Ya mbio naiweka ya tatu. Ni nyepesi, na kama kundi lenu linapenda lami ya kwenda Arusha, kilomita 80 hivi, ingepanda daraja. Tatizo ni gia zake nzito na tairi jembamba lisilopenda mashimo.

Phoenix nimelelewa nayo, na kwa kubeba mkungu wa ndizi sijaona mfano wake. Kupanda utaisukuma, hilo si aibu. Kinachonitisha ni kushuka: rimu za chuma zikilowa, breki zinateleza, na masika hapa hayabishi hodi.

Ya mwisho kabisa ni ile mpya ya bei poa yenye shokomzoba mbele na nyuma. Kizuri chajiuza, na mimi nilinunuliwa na rangi yake. Kila nilipokanyaga pedeli ilinesa kama kitanda cha spring, nguvu yangu ikaishia humo, na cheni ikakatika kabla sijaiona Marangu Mtoni.

Bakiza hela ya raba mpya za breki na tyubu mbili. Na ukinunua mtumba, dai risiti yenye namba ya fremu.