TAHADHARI: Ukiambiwa "gurudumu linatoka", usifungue boneti

Wenye magari wa Nairobi, hasa mnaopita Jogoo Road na Mombasa Road saa za foleni: wale matapeli wanaowatisha madereva kwa "gari yako inatoa moshi" au "gurudumu linatoka" wako kazini tena. Wiki hii wamemnasa shemeji yangu mchana kweupe, watoto wakiwa kiti cha nyuma. Aliuziwa koili (kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche) "mpya" ambayo ni yake mwenyewe, iliyong'olewa kwenye injini yake mbele ya macho yake.

Mchezo unaanza na kidole. Magari yanasogea polepole, mtu anayevuka barabara anakuonyesha gurudumu la mbele la kushoto, lile ambalo dereva hawezi kuliona alipokaa. Anatikisa kichwa kwa huruma, anaenda zake. Hakuombi kitu, na ndiyo maana unaanza kumwamini. Mbele kidogo wa bodaboda anagonga kioo: "Mama, gurudumu linataka kutoka!" Akija wa tatu, wewe mwenyewe umeshaanza kuhisi usukani unatetemeka. Moyo unakwambia watu watatu wasiojuana hawawezi kusema uongo mmoja. Wanajuana vizuri sana. Wakati mwingine mmoja wao humwagia rimu oili chafu, ili ukishuka ukute kweli pamelowa.

Unapoegesha, fundi yupo tayari. Ovaroli ya buluu, spana mfukoni, eti alikuwa anapita tu. Gurudumu analichungulia mara moja, maana pale hana cha kukuuzia. Anachotaka ni boneti. Mpaka dakika hiyo gari lako ni zima kabisa, ubovu unaingia ukishamfungulia.

Kwenye Toyota zetu hizi ndogo, kina Vitz, Fielder na Probox, injini nyingi zina koili nne, moja juu ya kila plagi. Kila koili inashikwa na bolti moja ya namba 10, na waya wake unachomoka kwa kubonyeza klipu tu. Jamaa anainama, anajifanya anatazama oili, kidole kinabonyeza. "Hebu washa tusikie." Injini ya silinda nne ikibaki na tatu inatetemeka gari zima, taa ya injini inawaka kwenye dashibodi, na wewe uliyeshika usukani huna sababu ya kubisha. Umeona mwenyewe. Nakiri ni utapeli uliofikiriwa: hawakuombi uwaamini wao, wanakufanya uliamini gari lako.

Shemeji alitajiwa shilingi 14,500. Kijana akatumwa kwa pikipiki kuchukua koili Kirinyaga Road, akarudi upesi kiasi ambacho ungedhani duka liko nyuma ya kituo cha basi. Kiboksi kipya, koili imepanguswa kwa petroli hadi inang'aa. Wakaifunga, injini ikatulia, shukrani zikatolewa. Pesa zilikwenda M-Pesa kwa jina ambalo si la yule fundi. Makanika wetu wa mtaani alipozitoa zote nne aliona haraka: zina umri mmoja, chapa moja, ila moja imeoga.

Shemeji alipojaribu kupunguza bei kabla ya kulipa, sauti zilibadilika. Ghafla walikuwa vijana wanne wamelizunguka gari, na mmoja ameshika koili yake mkononi. Kwa hiyo msitegemee kubishana nao barabarani, hasa mkiwa na watoto.

Sasa, gurudumu huweza kulegea kweli, sisemi muendeshe mkifumba macho. Lakini ubovu wa kweli huwa na dalili ambazo dereva huzihisi kabla ya mpita njia. Beringi iliyokwisha huvuma, mvumo unapanda na mwendo na kubadilika ukikata kona. Nati zikilegea utasikia mgongano wa chuma na usukani utatikisika. Boljointi, kile kiungo cha gurudumu, inagonga ukipita kwenye mashimo. Mafuta ya breki yakivuja, pedali inazama. Injini ikichemka, mshale wa joto unapanda.

Basi ukionyeshwa kidole, kanyaga breki taratibu. Pedali ikiwa ngumu kama kawaida, usukani umetulia, mshale wa joto uko mahali pake na hakuna taa nyekundu, funga milango, pandisha vioo, jikokote hadi kituo cha mafuta chenye watu. Shuka utazame mwenyewe. Pedali ikizama au gurudumu likigonga kweli, hapo simama mara moja hata kama hupapendi: washa taa za hazadi, weka vile vibao vya pembetatu, abiria wote washukie upande usio na magari na wakae mbali na lami. Kisha piga simu kwa makanika unayemjua. Anayejitokeza bila kuitwa mwambie asante, fundi yuko njiani. Hata kama hayuko.

Gari likichemka, zima injini na usikubali "msamaria" afungue kifuniko cha rejeta. Maji ya mle ndani yana shinikizo na yamepita nyuzi 100, yatamrukia usoni aliye karibu. Subiri lipoe. Na magari ya kuvuta yanayotokea yenyewe, kubalianeni bei na mahali pa kupelekwa kabla ndoano haijagusa gari. Angalia pia kama bima yako ina huduma ya kuvuta, uihifadhi namba yao kwenye simu leo.

Kama umeshafungua boneti na injini imeanza kutetemeka ghafla, usilipe. Tazama juu ya injini: klipu za koili zimepangwa mstari mmoja, iliyochomolewa utaiona. Isukume mpaka isikike "ta", uwashe, uondoke.

Na kama umeshatuma pesa, ule ujumbe wa M-Pesa utume kwa namba 456 ya Safaricom papo hapo kuomba pesa zirudishwe. Ukichelewa watakuwa wameshazitoa. Ripoti pia kituo cha polisi kilicho karibu na ulipotapeliwa, uchukue namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), uwape jina na namba ya simu iliyopokea pesa. Shemeji alipofika kituoni kuandikisha, aliyekuwa mbele yake kwenye foleni alikuwa amebeba koili kwenye mfuko wa karatasi.