Suruali ya mlima: miezi mitano Pemba, siku sita Kilimanjaro

Assalamu alaykum, karibuni. Leo niko nyumbani Wete, barazani, na kazi yetu ni suruali hii moja tu. Ngojeni nisogeze kamera muione. Hapa magotini rangi imefifia. Hapa pindoni kuna udongo mwekundu wa Konde, sabuni imeshindwa kuutoa. Na hapa pajani pana kiraka, habari yake nitaifikia. Nimeivaa miezi mitano hapa Pemba, kisha nikapanda nayo Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, siku sita kwenda na kurudi.

Nimeinunua Darajani, sokoni mjini Unguja, mtumba, shilingi elfu thelathini na tano. Lebo ya kampuni ilikuwa imeshakatwa, kwa hiyo jina sinalo. Imebaki hii ndogo ya ndani: nailoni asilimia 94, spandeksi, yaani ule uzi unaovutika, 6. Kwangu hii ndogo ndiyo yenye maana, kwa sababu inakwambia kitambaa ni nini.

Sasa, Pemba tuna mlima gani? Hatuna. Hakuna kilima chetu kinachofika mita 200. Lakini kisiwa hiki ni vilima na mabonde, unapanda unashuka kutwa nzima. Na tuna kitu kinachokula nguo vibaya mno: mawe. Aliyetembea maweni kule Micheweni anajua. Yale ni matumbawe ya zamani yaliyoachwa na bahari, ukikaa juu yake ni kama umekalia mbuzi ya kukunia nazi. Nimekaa juu yake, nimeteleza kwa makalio, nimepiga magoti. Tizameni nyuma hapa: kuna vinyuzi vimechomoka, lakini tundu hakuna. Nailoni inastahimili msuguano kuliko pamba, hapa unaiona kwa macho.

Lakini sikilizeni, maana hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Kabla ya hii nilikuwa na kombati ya pamba, nzito, mifuko sita. Kila aliyeishika alisema hii ndiyo suruali, hii haichaniki. Nikaenda nayo msitu wa Ngezi, mvua imenyesha usiku, njia imezibwa na gogo. Nimeinua mguu kuliruka, nikasikia "praa!" Msamba wote umefumuka, kutoka mbele mpaka nyuma. Nimetoka msituni shati nimelifunga kiunoni.

Nikampelekea fundi cherahani hapa Wete. Akaitizama, akanambia: mwanangu, kitambaa chako kizima, kilichokatika ni uzi. Akanionesha. Katika suruali ya kawaida mishono minne inakutana sehemu moja, hapa msambani. Kila ukiinua mguu juu, nguvu yote inakwenda kwenye nukta hiyo moja. Unene wa kitambaa hausaidii kitu, na ukizidi ugumu ndiyo kabisa, kwa sababu hakivutiki, kinauachia uzi taabu yote.

Sasa tizameni hii. Naigeuza ndani nje. Mnaona kipande hiki cha pembe nne, kama kashata, kimeshonwa katikati ya miguu? Mishono haikutani tena mahali pamoja, imetawanywa. Mguu ukipanda, kipande hiki kinafunguka. Na mishono yenyewe imepigwa mara mbili, sambamba, na kwenye pembe za mifuko kuna ule mshono mfupi wa kwenda na kurudi. Kitambaa chenyewe chepesi. Nimeipima kwenye mizani ya dukani: gramu 380. Jinzi yangu ya saizi hiyohiyo, gramu 740. Nyepesi kwa karibu nusu, na ndiyo iliyodumu.

Kipimo changu mimi cha suruali ya mlima ni sala. Nasema kwa dhati. Ivae, usimame, urukuu, usujudu, ukae tahiyatu. Ukirukuu isikubane nyuma ya magoti. Ukisujudu kiuno kisishuke mgongo ukawa wazi. Ukikaa, goti lisivutwe. Mikao hiyo ndiyo hasa mwili unayoifanya juu ya jiwe, ukipanda ngazi ndefu za miti, ukiingia kwenye hema. Hii imepita yote, kwa sababu goti lake limeshonwa kwa mikunjo, limekaa kama mguu uliokunjwa kidogo tayari. Ile kombati ilikuwa inanivuta kila rakaa, na mimi sikuielewa ile ishara.

Maji. Nimezitia zote mbili ndooni, hii na jinzi, nikazikamua, nikazianika kwenye kamba baada ya adhuhuri. Kufika alasiri, hii ya nailoni imekauka, imebaki unyevu kidogo mkandani. Jinzi nimeianua usiku bado ina maji kwenye mishono. Ilipokuwa bado haijafuliwa sana, maji yalikuwa yanateleza juu yake kama juu ya jani la myugwa. Sasa angalieni, namwaga glasi hii... inaingia. Ile dawa ya kuzuia maji iliyotiwa kitambaani inaisha kwa kufua. Ukipitisha pasi ya moto mdogo, juu yake umeweka kitambaa, inarudi kiasi, lakini si kama mwanzo. Msiitegemee kuwa suruali ya mvua.

Mbu wa Ngezi wanapenya inapobana pajani. Ichukueni yenye nafasi.

Haya, Kilimanjaro. Boti kutoka Mkoani, Unguja, Dar es Salaam, halafu basi mpaka Moshi. Geti la Marangu liko karibu mita 1,900, siku ya kwanza unapita msituni mpaka kambi ya Mandara, kama mita 2,700. Mvua ilitukuta humo. Mwenzetu mmoja alivaa jinzi. Alilala Mandara akiwa ameianika, asubuhi akaivaa mbichi, na baridi ile si ya mchezo. Mimi suruali ilinikaukia mwilini tulipokuwa tunasubiri chai. Kwetu hapa nguo mbichi ni usumbufu tu. Kule juu inakunyang'anya joto la mwili, na hilo ni jambo la uhai.

Kila mita 1,000 ukipanda, joto linapungua nyuzi 6 hivi. Hesabuni wenyewe: Wete nyuzi 28, kilele cha Uhuru mita 5,895, unafika chini ya sifuri, hapo upepo hujauhesabu. Kwa hiyo usiku wa kutoka Kibo, kambi ya mwisho kabla ya kilele, suruali hii peke yake haitoshi, na anayekwambia inatosha anakudanganya. Nilivaa ya kubana ya joto ndani na ya kuzuia upepo juu. Ndiyo maana nilichukua kiuno kikubwa kwa namba moja. Ukiinunua ya kukukaa sawasawa hapa Pemba, kule haitaingiliana na nguo ya ndani.

Kushuka ndiko kulikoitesa. Changarawe ya kutoka kileleni unashuka unateleza, visigino vinazama, mawe yanapiga vifundo. Pindo la ndani la mguu wa kulia limekwanguka, hapa, mnaona. Halikutoboka. Wavu wa mfuko wa kushoto ndio umechanika, kwa sababu niliweka funguo humo. Wavu mwepesi ule si wa kuweka chuma, walioitengeneza wangeweka kitambaa kamili.

Kiraka sasa. Hakikutokea mlimani. Tulikuwa Vumawimbi tunachoma pweza, ikaruka cheche moja, ndogo kama punje ya mtama. Pamba ingeungua kidogo ukaizima. Nailoni imeyeyuka papo hapo, likabaki tundu lenye ukingo mgumu. Huo ndio udhaifu wake, na kwa sisi tunaopikia kuni ni udhaifu mkubwa. Mtu wa kukaa jikoni au dago, kambi ya wavuvi, na moto kila siku, nguo hii si yake. Na msiianike juani kutwa, jua linaichosha nailoni. Klorini nayo msiitie, inaua ile spandeksi, suruali inalegea magotini hairudi tena.

Basi ukifika kwenye mtumba, usianze kukikunja kunja kitambaa kutafuta unene. Igeuze ndani nje. Tafuta ile kashata msambani. Ishike pande mbili za mshono uvute, uiinue kwenye mwanga: ukiona uzi unacheka, meno yanaonekana, iache hata kama ni ya bei ya kutupa. Pandisha zipu na kuishusha mara kumi. Halafu, kama muuzaji anakuruhusu kuijaribu, rukuu hapohapo.

Kiraka fundi amenitoza elfu mbili. Kaweka kipande cha mwavuli mkongwe, nailoni kwa nailoni, kakishona kwa uzi wa polista, na kimefuliwa mara sita mpaka leo, hakijainua pembe.